Shemeji anataka mkopo, nyumba yetu iwe rehani. Nitie saini?

Bi Mshauri, assalamu alaikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Mishomoroni. Nyumba tunayokaa tumeijenga pole pole, mimi na mume wangu. Kiwanja alikinunua yeye na hatimiliki ina jina lake peke yake, lakini mabati na vyumba viwili vya nyuma ni jasho langu, la kuuza mahamri na mbaazi asubuhi na madera jioni.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anataka kununua lori la mtumba la kubeba makasha ya bandarini. Benki imekubali kumkopesha shilingi 3,500,000 kwa riba ya asilimia 16, alipe kwa miaka 5, ila inataka nyumba iwe rehani. Kwanza walipeleka nyumba ya mavyaa, iliyoko Majengo. Nyumba ni yao tangu enzi za babu yao, lakini ardhi ni ya mtu mwingine, wao wanalipa kodi ya kiwanja. Benki ikaikataa. Sasa macho yote yamegeukia kwetu.

Juzi mume wangu kaja na bahasha nene, Kiingereza kitupu. Akanifungulia ukurasa wa nyuma, akaniambia, "Mama, tia saini hapa, ni desturi ya benki tu, hakuna kitu." Nikamwambia naumwa na kichwa, tutazungumza kesho. Usiku nikamwamsha binti yetu wa kidato cha nne anisomee. Mengi hakuyaelewa, lakini kuna mahali pameandikwa kwamba nyumba inashikilia deni lolote, la sasa na la baadaye, la mkopaji peke yake au akiwa pamoja na mtu mwingine. Hapo mimi na yeye tukatazamana.

Benki inazitaka karatasi Ijumaa. Mavyaa kanipigia simu, kasema ndugu husaidiana na mke mwema hafungi riziki ya watu. Mume wangu ni mtu mzuri, mshahara wake haufiki elfu 60, na anampenda sana mdogo wake. Sitaki vita. Nataka kujua: hii saini ni ya nini hasa ikiwa jina langu halimo kwenye hati? Shemeji akishindwa kulipa, ni kweli tutatolewa sisi? Na nikikataa, nitakuwa nimekosea?

Mama wa Watatu, Mishomoroni

*

Waalaikumu salamu, mwanangu.

Naanza na Ijumaa kwa sababu ndiyo inayokukosesha usingizi. Ijumaa usitie saini. Sikwambii ukatae, nakwambia useme bado. Barua ya ofa huwa imeandikwa ndani yake tarehe ya mwisho ya kuikubali, na tarehe hiyo huongezwa mtu akiomba. Benki iliyokwisha kumpima mteja wake ikaridhika naye haitamtupa eti kwa kuwa mke wa mwenye nyumba ameomba wiki mbili asome anachotia saini. Haraka hiyo mara nyingi si ya benki, ni ya mwenye kuuza lori.

Sasa hilo la "desturi tu". Mumeo hakukudanganya aliposema kila benki huitaka saini hiyo. Alipokosea ni kusema hakuna kitu. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, kifungu cha 79(3), inasema rehani juu ya nyumba ya ndoa ni halali pale tu ambapo karatasi zake zimetiwa saini na mwenye hati pamoja na mwenzi wake wa ndoa anayeishi katika nyumba hiyo, au zinaonyesha wazi kwamba mwenzi huyo ameridhia. Haijalishi jina lako halimo kwenye hatimiliki. Haijalishi pia kwamba ndoa yenu ilifungwa na kadhi wala si kwa mkuu wa wilaya. Kinachoangaliwa ni kwamba wewe ni mke na unalala hapo. Bila wewe, benki haina rehani ya kusimamia mahakamani, nayo inalijua hilo vizuri, ndiyo maana ukurasa wako umo kwenye bahasha.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba saini yako ndiyo inayoifungulia benki mlango wa kuiuza nyumba siku mambo yakiharibika.

Kabla sijaendelea, nikutoe kwenye fumbo la Majengo, maana wasomaji wengi wa hapa wameniuliza jambo hilo hilo. Mombasa ina mtindo wake ambao mtu wa bara akiusikia hushangaa: nyumba ya huyu, ardhi ya yule. Majengo, Likoni, Changamwe, Kisauni, kote utakuta familia iliyozaa vizazi vitatu ndani ya nyumba yao wenyewe, na kila mwezi inamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja, awe mtu binafsi au ni wakfu. Nyumba hiyo unaweza kuiuza, kuirithisha, hata kuipangisha. Lakini benki inapokopesha hutaka kitu itakachoweza kukipiga mnada na mnunuzi akakaa kwa amani, na anayenunua kuta zilizosimama juu ya ardhi ya mwingine hanunui amani. Mavyaa asione kwamba nyumba yake imedharauliwa. Ni hati iliyokosekana, si heshima.

Turudi kwenye bahasha. Kwa jinsi ulivyoieleza, nadhani ndani yake mna karatasi za aina tatu zilizoshonwa pamoja, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni barua ya ofa: kiasi, riba, muda, ada, bima. Hiyo ndiyo watu husoma, na ndiyo isiyo na makali sana. Ya pili ni hati ya rehani yenyewe, kurasa nyingi za maandishi madogo, ambayo itasajiliwa kwenye ofisi ya ardhi. Daftari la kila kiwanja huko lina sehemu tatu: inayoeleza ardhi, inayomtaja mwenyewe, na inayoandika mizigo iliyo juu yake. Rehani itaandikwa katika hiyo ya tatu, na mpaka benki itoe hati ya kuiondoa, nyumba hamwezi kuiuza wala kumhamishia mtoto bila ruhusa yao. Ya tatu, ambayo ningependa uitafute leo hii, ni dhamana binafsi ya mumeo. Ikiwamo, maana yake ni kwamba hata nyumba ikiuzwa na pesa zisitoshe, benki itamfuata yeye mwenyewe kwa salio, mpaka kwenye mshahara. Mkopaji ni shemeji, lakini karatasi hizi humfanya mumeo awe kama mdaiwa mkuu, na benki si lazima imalizane kwanza na ndugu yake.

Sasa ile sentensi ya binti yako. Mpe hongera, maana amegusa penyewe. Deni lolote, la sasa na la baadaye, peke yake au pamoja na mwingine: hayo maneno yana maana kwamba nyumba haishikilii shilingi 3,500,000 za lori tu. Shemeji akichukua kadi ya mkopo mwakani, itaingia humo. Akishirikiana na rafiki yake kukopa la pili kwa jina la kampuni, huenda nalo likaingia. Anaweza kumaliza kulipa lori hili mpaka senti ya mwisho na hati yenu isirudi, kwa kuwa kuna deni jingine ambalo nyinyi hamkuwahi kulisikia. Katika bahasha yote hiyo, hapo ndipo ningepigania kwanza. Omba kwa maandishi kwamba rehani iwe na kikomo: ni kwa mkopo huu, wa kiasi hiki, pamoja na riba yake na gharama zake, basi. Na kwamba nyongeza yoyote ije na saini mpya ya mumeo na yako. Benki nyingine hubisha, lakini hukubali zikiona mtu amekaza.

Kuna alama ndogo itakayokusaidia. Kila rehani hulipiwa ushuru wa stempu, asilimia 0.1 ya kiasi kinacholindwa. Kwa mkopo huu ni shilingi 3,500. Ukiona wameandika stempu ya kiasi kikubwa kuliko hicho, uliza kwa nini. Na ujue kwamba benki inaweza baadaye kuongeza stempu juu ya rehani ile ile ili ilinde pesa zaidi, ndiyo maana nasisitiza kile kikomo kiandikwe.

Swali lako la pili nalijibu kwa hesabu. Shilingi 3,500,000 kwa asilimia 16, miaka 5, malipo yanayolingana kila mwezi: hiyo ni karibu shilingi 85,000 kwa mwezi. Mshahara wa mumeo haufiki elfu 60. Mwanangu, lori likilala gereji mwezi mmoja tu, hakuna mtu katika nyumba hiyo anayeweza kuliziba pengo, hata mkila mkavu na watoto wasiende shule. Hapo sizungumzii nia ya shemeji. Anaweza kuwa mcha Mungu na mchapa kazi, na injini isijue.

Na biashara ya makasha mnaijua nyinyi wa Mombasa kuliko mimi ninayeandika. Mwaka 2019 serikali ilipoagiza mizigo ya kwenda Nairobi na bara isafirishwe kwa reli, kuanzia Changamwe hadi Mariakani malori yalilala, watu wakaandamana mjini, madereva na mafundi wakakosa kazi. Septemba 2022 agizo likabadilishwa, kazi zikarudi. Waliokuwa na mkopo katikati ya miaka hiyo hawakusubiriwa na benki mpaka siasa zibadilike. Muulize shemeji kama ana mkataba na kampuni ya kutoa mizigo bandarini au ataegesha akingoja simu. Hilo peke yake litakwambia mengi.

Akishindwa kulipa, ndiyo, mnaotolewa ni nyinyi. Lakini si kwa usiku mmoja, na njia yenyewe uijue. Deni likichelewa kwa mwezi mmoja, benki inaweza kumpa aliyeweka nyumba rehani, yaani mumeo, ilani ya maandishi, na ilani hiyo lazima impe muda usiopungua miezi 3 wa kurekebisha. Ikiisha, inatoa ilani ya pili ya siku 40 kwamba inakusudia kuuza, na nakala ya hii lazima ikufikie wewe pia uliyeridhia. Kisha huja dalali na notisi yake ya siku 45, halafu ndiyo tangazo la mnada. Ukiruka barua moja kati ya hizo, ukaificha chini ya godoro kwa aibu, umepoteza muda ambao sheria ilikupa. Benki inapaswa kufanya tathmini kabla ya kuuza na kutafuta bei nzuri kadiri inavyopatikana. Ikiuza kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba imekiuka wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Kwa kuwa ni nyumba ya ndoa, wewe mwenyewe, wala si mumeo tu, unaweza kwenda mahakamani kuomba nafuu. Ila uende kabla nyundo haijaanguka. Mnunuzi akishapatikana mnadani, kinachobaki mara nyingi ni kudai fidia, na fidia haikurudishii vyumba viwili vya nyuma.

Deni nalo halikui bila mpaka. Tangu 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinazuia benki kudai riba inayozidi deni la msingi lililokuwa limebaki siku mkopo ulipohesabiwa kuwa mbovu. Yaani kama zilikuwa zimebaki milioni 2, haiwezi kudai zaidi ya milioni 4, ukiweka kando gharama za kufuatilia deni. Ni kinga, lakini milioni 4 bado ni nyumba yenu.

Sasa kuna swali ambalo hakuna aliyeliuliza katika familia yenu, nami naliuliza: lori lenyewe haliwezi kuwa dhamana? Malori hununuliwa hivyo kila siku. Benki inaandikwa pamoja na mnunuzi kwenye logibuku, bima kubwa inakatwa, na deni likishindikana linachukuliwa lori. Benki za Kiislamu zilizopo Mombasa nazo hufanya kwa murabaha, zinanunua gari na kumuuzia mteja kwa faida iliyotajwa tangu mwanzo, jambo ambalo huenda mavyaa akalipenda zaidi kuliko hii asilimia 16. Kwa kawaida wanaokopesha kwa njia hiyo humtaka mnunuzi atoe sehemu ya bei mfukoni mwake, na lori likiwa kuukuu sana hulikataa. Basi ukisikia kwamba njia hiyo ilishindikana, jiulize ni kipi kati ya viwili hivyo. Kama shemeji hana hata kidogo cha kuanzia, au lori ni chakavu kiasi kwamba mkopeshaji mwenyewe halitaki, mbona nyumba yenu ilitake?

Ukiisha kusikia yote na bado moyo wako ukataka kusaidia, si dhambi, na wapo waliosaidia wakashukuru. Lakini saidia kwa masharti. Kikomo cha rehani nimekwisha kukitaja. Mkopo uwe na bima ya maisha ya shemeji, na usome kama inalipa pia akipata ulemavu. Taarifa ya mkopo ije kwenu kila mwezi, si mngoje uvumi. Ndugu wawili waandikiane mbele ya wakili kwamba mumeo akilipa hata shilingi moja, lori ni lake kwa kiasi hicho. Muda wa nyumba nao uwe na mwisho: deni likifika nusu, benki iiachie nyumba na ibaki na lori. Hili la mwisho benki hulikubali mara chache, lakini wewe liombe.

Na wakili uwe na wako. Yule anayeandaa hati za rehani ni wa benki, ingawa ada yake hulipwa na mkopaji. Atakuuliza kama umeelewa, utaitikia kwa heshima, naye ataandika kwamba alikueleza ukaelewa. Maandishi hayo yatakuja kusomwa mbele ya hakimu siku utakayosema hukujua.

Kuhusu kukataa, hujakosea. Sheria imekupa neno kwa makusudi, kwa kuwa walioitunga waliona wanawake wangapi wanafukuzwa kwenye nyumba walizojenga kwa deni wasilolijua. Mumeo mwambie faraghani, na usianze na shemeji, anza na hesabu. Mwekee ile 85,000 kando ya mshahara wake kwenye karatasi, nyamaza, umwachie aitazame. Mwanamume mzuri, kama unavyosema alivyo, ataiona. Mavyaa mwachie mwanawe amweleze. Si kazi ya mkwe kumwambia mama kwamba mtoto wake mdogo hajafikia.

Nina tahadhari moja ambayo sipendi kuitaja lakini nimeiona: mume aliyebanwa na ndugu kuapa kiapo kwamba hana mke, au kumleta mwanamke mwingine atie saini. Simtuhumu wako. Ukihisi upepo wa namna hiyo, unaweza kumwomba msajili wa ardhi aweke zuio kwenye hati, na rehani haitasajiliwa mpaka usikilizwe. Kwa hiyo pata nambari ya kiwanja sasa hivi, inakaa juu ya hatimiliki, iandike mahali pako.

Wiki hii chukua nakala ya bahasha nzima, kila ukurasa, si ule wa saini peke yake. Kama ada ya wakili ni nzito, FIDA Kenya, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wote wana ofisi Mombasa na husikiliza wanawake wenye shauri kama lako. Nenda na kitambulisho, cheti cha ndoa kutoka kwa kadhi, risiti za mabati na saruji kama bado unazo, na huyo binti yako akusomee foleni ikiwa ndefu.